Besi Imepotea: Kutafuta Kasoro ya Amplifaya ya Valvu kwa Kutumia Fizikia

Mada zinazorudiwa: mawimbi ya sauti, kapasita, elektroniki.

Mtahiniwa, maswali mengi ya Fizikia hayakuulizi "wimbi ni nini?" Yanakupa hali fulani na kukutaka uieleze. Somo hili linachukua hali moja na kuifuata hatua kwa hatua.

Hali yenyewe

Nyumbani kwetu kuna amplifaya ya stereo ya valvu aliyoiacha babu. Siku moja, baada ya kupaka rangi sebule, nilirudisha vyombo mahali pake na kuwasha muziki. Waimbaji walisikika vizuri, lakini gitaa la besi na ngoma kubwa zilikuwa kama zimehama nyumba. Niliamua kwamba valvu zimechoka. Nikanunua mpya kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Besi haikurudi. Kasoro ilikuwa waya mbili za spika nilizozigeuza mwenyewe. Soma ili usirudie kosa langu, sebuleni au katika chumba cha mtihani.

Kumbuka kwanza

(a) Kasi ya wimbi: v = fλ. Sauti ikisafiri kwa 340 m/s, besi ya 50 Hz ina urefu wa wimbi wa 340 ÷ 50 = 6.8 m. Sauti nyembamba ya 3,400 Hz ina urefu wa 0.1 m tu.

(b) Katika valvu, kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye chaji chanya. Gridi iliyo katikati hudhibiti wingi wake. Badiliko dogo la volteji kwenye gridi huleta badiliko kubwa la mkondo. Huko ndiko kukuza.

(c) Kapasita huzuia mkondo mnyoofu na kupitisha mkondo geu. Ukinzani wake kwa mkondo geu ni Xc = 1/(2πfC). Frikwensi ikipungua, ukinzani huongezeka. Kwa hiyo kapasita ikiwa ndogo kupita kiasi, besi ndiyo huumia kwanza.

Hatua za uchunguzi

*Hatua ya 1: Sikiliza spika moja moja.* Tumia kitufe cha mizani kupeleka sauti upande mmoja, kisha mwingine. Kama besi ni nzuri spika moja ikilia peke yake, lakini hupungua zote zikilia pamoja, shuku waya zilizogeuzwa.

Sababu ni hii. Waya za spika moja zikigeuzwa, spika hiyo huvuta hewa wakati mwenzake anaisukuma. Mgandamizo wa moja hukutana na mtawanyiko wa nyingine, na mawimbi hufutana. Kwa nini besi tu? Kwa sababu wimbi la 6.8 m ni refu sana kuliko tofauti ya umbali kutoka kwako hadi kila spika. Popote uketipo karibu na katikati ya spika, mawimbi hufika yakiwa yamepingana. Kwa wimbi la 0.1 m, ukisogea kidogo tu unatoka mahali pa kufutana na kuingia mahali pa kujumlishana, hivyo sauti nyembamba haipotei.

Zima amplifaya, kisha hakikisha chanya imefungwa kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye spika zote mbili. Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika. Transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

*Hatua ya 2: Badili mahali unapoketi.* Sauti hurudishwa na kuta na kuunda wimbi simamizi. Chumba chenye urefu wa 3.4 m hupokea nusu ya wimbi lenye frikwensi f = v/2L = 340 ÷ 6.8 = 50 Hz. Katikati ya chumba badiliko la shinikizo ni dogo kabisa, na karibu na kuta ni kubwa. Kama besi huongezeka unapokaribia ukuta, amplifaya haina kosa.

*Hatua ya 3: Badilishana.* Ikiwa upande mmoja tu ndio dhaifu, zima na ubadilishane spika za kushoto na kulia. Udhaifu ukihama na spika, kasoro iko kwenye spika. Ukibaki upande uleule, iko kwenye amplifaya au kabla yake.

*Hatua ya 4: Ndani ya kisanduku.* Hii ni kazi ya fundi. Volteji ndani ya amplifaya ya valvu huweza kuzidi 300 V, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Usifungue.

Mfano wa hesabu

Kapasita ya kuunganisha hatua mbili za amplifaya ina alama 104, yaani 0.1 μF, na rezista inayofuata ni 500 kΩ. Fundi aliweka kimakosa yenye alama 102, yaani 0.001 μF. Eleza athari yake.

Frikwensi ya ukomo: f = 1/(2πRC)

Kabla: RC = 500,000 × 0.0000001 = 0.05 s, f ≈ 3.2 Hz

Baada: RC = 0.0005 s, f ≈ 318 Hz

Hitimisho: sauti zilizo chini ya 318 Hz hupunguzwa, na kadiri zinavyokuwa za chini ndivyo zinavyopunguzwa zaidi. Besi karibu yote imo humo.

Makosa ya watahiniwa

1. Kuandika "valvu imeharibika" bila sababu. Alama hutolewa kwa maelezo, kukisia hakulipi.
2. Kusahau kubadili μF kuwa F na kΩ kuwa Ω.
3. Kusema mawimbi "yamegongana". Sema yamefutana kwa sababu yamefika yakiwa yamepingana.

Jipime

1. Tafuta urefu wa wimbi la 85 Hz.
2. Chumba kina urefu wa 4.25 m. Ni frikwensi gani ndogo kabisa ya wimbi simamizi?
3. Besi ni dhaifu kushoto tu. Baada ya kubadilishana spika, udhaifu uko kulia. Kasoro iko wapi?

Majibu: 1. 4 m. 2. 40 Hz. 3. Kwenye spika iliyokuwa kushoto, kwa kuwa udhaifu umehama nayo.

Anza na kisichogharimu kitu, kisha nenda hatua moja moja. Mdogo wangu alisubiri ada kwa sababu mimi nilianza na duka.