Saluni Si Yako, Masikio ni Yako

Mdogo wangu wa Kingolwira, barua yako imenichekesha. Eti tangu uanze kupiga albamu ya The Zawose Queens pale saluni, wateja wanakuuliza wewe Mluguru umeolewa lini Ugogoni! Na bosi naye ameanza kununa.

Masikio yako hayana tatizo. "Maisha", iliyotoka 2024, ni kazi ya Pendo na Leah, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo wa Bagamoyo aliyeizungusha ala ya ilimba duniani. Miaka mingi kina dada hawa walikuwa wa kuitikia na kucheza. Zeze na ilimba walishika wanaume. Sasa wanaongoza wenyewe, na vyombo viko mikononi mwao. Vaa hedifoni usikilize ilimba: ule mvumo wa zzz unaofuata kila mlio si spika yako iliyokufa. Ubao hutobolewa matundu, yakazibwa kwa utando wa buibui, na utando ndio unaotetema. Lawama yangu ni kwamba mahali pengine midundo ya kompyuta inaupiga kikumbo mvumo huo.

Wanaokucheka kwamba hujui Kigogo, waulize Kihaya walijifunzia wapi, maana "Maria Salome" ya Saida Karoli waliiimba wote. Na Kilingala cha harusini je?

Ila saluni ni ya mwenyewe. Mtu aliyekaa kitini nusu siku akisukwa rasta ana haki ya kuchoka. Wapigie asubuhi kabla hawajajaa, nyimbo mbili tatu, kisha warudishie Bongo Fleva yao. Usimhubirie mtu. Akiipenda mwenyewe akakuomba umrushie, mkatalie kwa upole; mwelekeze akasikilize kwa bando lake, angalau senti kidogo iwafikie wenye jasho.

Lakini mimi nimekwama pale mwisho wa barua, ulipoandika kwa herufi ndogondogo kwamba unatamani kujifunza ilimba ila unaona umechelewa, na vidole vyako ni vya kusukia tu. Mdogo wangu, ilimba hupigwa kwa vidole gumba, na wewe unamsuka mtu twende kilioni huku unabishana na muuza maandazi. Vidole unavyo. Ulizia TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kama wana kozi fupi na ada yake ni kiasi gani, kisha uniandikie. Nauli tutaijadili.