Tundu Dogo, Kazi Kubwa

Mjomba wangu ni mkwezi wa minazi huku kwetu Kilifi. Siku moja aliteleza juu ya mnazi, akadaka kuti kwa mkono mmoja, akaning'inia. Hakuanguka, lakini tangu hapo mkono haukupanda hata kuvaa kofia. Akakandwa kwa maji moto, wapi! Hospitalini akaambiwa kano ya bega imekatika.

Kano ni nini? Ni ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Begani mna misuli minne ambayo kano zake hukikumbatia kichwa cha mfupa wa mkono kisichopoke. Kano ikikatika, mkono huwa kama tanga lililokatika kamba ya kupandishia.

Zamani daktari alipasua bega kwa mkato mrefu. Siku hizi hutoboa matundu machache ya kama sentimita moja. Tundu moja huingiza kamera nyembamba kama penseli, na picha huonekana kwenye televisheni. Maji hutiwa ili kiungo kipanuke. Kwa matundu mengine daktari hukita mfupani nanga ndogo zenye nyuzi, akaifunga kano kama mashua gatini. Mmoja wa waanzilishi wa ufundi huu ni Mjapani: mwaka 1918 daktari Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti kwa chombo cha kukagulia kibofu.

Mjomba alipasuliwa Mombasa. Wiki ya tatu, vidonda vikiwa vimekauka na unga umekwisha nyumbani, akaniambia, "Mpwa wangu, si nimepona? Niletee panga nikakwee."

Nikamwambia, "La, mjomba! Iliyopona ni ngozi."

Hapo ndipo penye somo, wenzangu. Ngozi hupona upesi, lakini kano huchukua miezi kushikana na mfupa. Ukiivuta mapema huchanika tena, kazi yote ikawa bure. Daktari alimwamuru afunge mkono wiki sita, kisha mazoezi ya polepole, na kazi nzito asiiguse kabla ya miezi sita. Mkaza mjomba akaanza kuuza mahamri, tukala hivyo hivyo.

Si kila bega huhitaji kupasuliwa. Mengi hupata nafuu kwa mazoezi. Lakini usikae na maumivu, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo mjomba hukwea ukuta wa nyumba kwa vidole tu, kila asubuhi. Mnazi utamngoja.