ULIKUJA KUMSIKILIZA NANI?



Karatasi hii labda umepewa uwanjani, labda stendi, labda umeikuta imefungiwa maandazi. Vyovyote vile, isome.

Najua inavyokuwa. Mkutano wa Injili umekuja mtaani kwenu, wewe na wenzako mmesimama kule nyuma, mikono mfukoni, mnatoa maksi. "Wa jana alikuwa moto. Huyu wa leo amepoa." Mkiondoka mnamwigiza sauti mpaka maskani. Sikulaumu. Ukizaliwa Mbeya au Iringa umesikia mahubiri tangu tumboni mwa mama. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Historia ya TAG, ndugu zetu Wapentekoste, inaanzia Igale, Mbeya, mwaka 1939. Walutheri wapo, Wakatoliki wa Tosamaganga wapo. Mtu aliyekulia katikati ya sauti zote hizo lazima awe mwamuzi. Lakini je, unaamua kwa kitu gani?

Wapo wahubiri wa kuunguruma. Anasoma mstari mmoja, anafunga Biblia, anatembea jukwaa zima mpaka shati linalowa. Wazee wetu wanamkumbuka Askofu Moses Kulola, aliyeanzisha EAGT mwaka 1991 na kulala katika Bwana mwaka 2013. Mtu wa viwanjani hasa, miaka kwa miaka. Wapo wa kufundisha, kama Mwalimu Christopher Mwakasege: ukienda semina yake utaona watu wana daftari na kalamu, mstari kwa mstari, kama darasani. Wapo wanaohubiri na mkalimani pembeni, kama Mjerumani Reinhard Bonnke, aliyefariki mwaka 2019. Mkalimani mzuri ni mhubiri wa pili, bwana! Na huku vijijini kwetu ujumbe hutoka Kiswahili ukaingia Kinyakyusa au Kihehe, na mara nyingi bibi yule wa mbele huanza kulia pale tu unapofika kwa lugha yake.

Wapo pia wa ushuhuda. Uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ulienea Afrika Mashariki hasa kwa njia hiyo: mtu anasimama, anataja dhambi zake hadharani, anasema jinsi damu ya Yesu ilivyomsafisha, anakaa.

Na yupo mchungaji wa mimbarini, anayesoma taratibu mahubiri aliyoyaandika. Sisi walokole huwa tunamcheka. Tusimcheke. Mtu anaweza kuwa na karatasi pamoja na Roho Mtakatifu, na mwingine akawa na kipaza sauti tu.

Sasa, ipi ni bora? Fungua Biblia ushangae. Yona alihubiri Ninawi maneno machache mno, tena bila kuwapenda wale watu, na mji mzima ukatubu (Yona 3:4-10). Paulo, mtume mkubwa, alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana mmoja aitwaye Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu (Matendo 20:9). Kwa maksi zenu za maskani, Paulo angefeli! Nathani hakupiga kelele kabisa. Alimpa mfalme Daudi hadithi ya mwanakondoo mmoja, halafu akamwambia mtu huyo ni wewe (2 Samweli 12:1-7).

Kwa hiyo sauti si kipimo. Hapo Iringa mjini lipo jiwe la Gangilonga, mnalopanda kutazama mji. Jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Yesu naye alisema wanafunzi wake wakinyamaza, mawe yangepaza sauti (Luka 19:40). Mungu hana upungufu wa sauti, kijana. Anachotafuta ni mtu wa kusema ukweli.

Basi msikilize mhubiri hivi. Je, alilosema limo katika Biblia, au ameusoma mstari kisha akauacha kituoni kama abiria? Watu wa Beroya walimsikiliza hata Paulo kisha wakaenda kuchunguza maandiko (Matendo 17:11). Wewe nawe chunguza, simu yako ina Biblia. Je, ametaja msalaba? Ametaja dhambi, pamoja na ile usiyotaka itajwe? Ukienda nyumbani unamkumbuka Yesu, au suti ya mhubiri?

Tazama na pesa. Sadaka si dhambi. Vyombo vinakodiwa, jenereta linakunywa mafuta. Lakini akikupangia bei ya maombi, ondoka. Simoni alitaka kununua karama ya Mungu, Petro akamkemea vikali (Matendo 8:18-20). Mwenye kuuza naye asijidhani yuko salama.

Na hili nalisema bila kuzunguka. Nyanda za Juu Kusini zimezika wengi kwa UKIMWI. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa nchini. Mhubiri akikuambia utupe dawa za ARV kwa sababu ameshakuombea, usimtii, hata kama jina la Yesu liko mdomoni mwake kila dakika. Yesu anaponya! Naamini, tena naomba. Lakini wale wakoma kumi aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), ambao ndio waliokagua ugonjwa ule siku zile. Uponyaji wa kweli haukimbii kipimo. Ombewa, na dawa endelea kumeza kama daktari alivyokuelekeza. Unaweza kuokoka leo jioni na kesho asubuhi ukaenda kliniki.

Lakini nikuulize na wewe. Umeshawapima wahubiri wangapi? Kuna neno liliwahi kukuchoma, siku ile uliyoondoka kimya bila kumwigiza mtu. Huenda lilikuwa juu ya yule binti uliyemdanganya, au pombe, au mama uliyemwibia. Ulijua linakuhusu. Yule mhubiri huenda hata jina lake umelisahau, na si neno. Aliyekuita hakuwa yeye (Yohana 10:27).

Leo jioni sogea mbele kidogo, toka huko nyuma. Au kama huwezi kungoja jioni, hapo ulipo sema naye hivi:

Bwana Yesu, nimesikia mahubiri mengi na nimeyacheka. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, uniingie moyoni, unifundishe kuishi. Amina.

Halafu anza kusoma Injili ya Marko, sura moja kila siku. Hizo ni siku 16.