Taa za Chupa za Groto na Hesabu ya Mafuta



Vijana wenzangu, Oktoba inakaribia, na wengi mmekuwa mkiniuliza zile taa za chupa zilizokuwa kwenye bustani ya groto yetu hapa Kibaigwa zinatengenezwaje. Leo nitaeleza. Ila mnivumilie kidogo, maana siwezi kueleza zilivyowaka bila kueleza na zilivyozimika. Wakati zinazimika, mhazini wa kikundi nilikuwa mimi.

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia usome Mathayo 25:1-13, mfano wa wanawali kumi. Usiuruke eti kwa sababu unaujua. Mimi nao niliujua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na kinyongo na wale watano wenye busara. Niliwaona wachoyo. Mwenzako anaomba mafuta kidogo tu, usiku wa manane, unamwambia aende dukani? Tutarudi hapo.

Kwanza chupa. Anayeishi Kibaigwa anaijua Oktoba yetu: mvua bado, vumbi tele, na upepo usio na adabu. Ukiwasha mshumaa nje, kabla ya tendo la pili la Rozari umeshazimika, na tendo la tatu mnalisali huku mnatafuta kiberiti. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana inaukinga moto na upepo bila kuuficha. Tafuta chupa za jamu, za asali, za siagi ya karanga. Sisi tulizunguka kwenye hoteli na migahawa ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro tukaomba zile zinazotupwa, tukapata 20 ndani ya wiki mbili. Na msidhani hili ni jambo geni. Babu na bibi zetu walitengeneza koroboi kwa makopo na chupa kuukuu kabla hakuna aliyewafundisha neno "mazingira".

Kuosha ndiko kunakochosha. Loweka chupa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni usiku kucha, karatasi itabanduka yenyewe. Gundi inayobaki ipake mafuta ya kula yaliyochanganywa na majivu, sugua kwa kitambaa, kisha osha tena. Usimwagie chupa baridi maji ya moto. Tulipasua mbili hivyo, kwa haraka zetu.

Shingoni zungusha mara mbili waya wa kufungia nondo (fundi ujenzi yeyote atakukatia kipande), kaza kwa koleo, kisha tengeneza mkono wa kuning'inizia. Uwe mrefu, kama rula ya shule, la sivyo utaunguza vidole.

Sasa ndani. Weka maji hadi nusu ya chupa. Ukipenda, tanguliza vijiwe vyeupe chini, vinapendeza mwanga ukivipiga. Juu ya maji mimina mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya chakula. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yataelea. Halafu unahitaji kitu cha kushika utambi juu ya mafuta, yaani boya. (Msicheke, ndilo jina lake, hata kama mtaani tunalitumia vingine.) Kata kipande chembamba cha kizibo cha chupa ya divai, kile kinachotokana na gome la mti. Mkoa wetu ni wa zabibu, kizibo hakikosekani. Kivike karatasi ya foili ili kisiungue, kitoboe katikati kwa msumari, pitisha utambi. Utambi uwe wa pamba tupu, kwa mfano uzi uliosokotwa kutoka fulana kuukuu ya pamba. Nailoni inayeyuka na kunuka. Juu ya boya uache utambi utokeze nusu sentimita tu, kwa sababu mafuta ya kula ni mazito, hayapandi juu kama mafuta ya taa. Uchovye kwanza kwenye mafuta ndipo uwashe.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie mafuta ya taa, maana yanawaka upesi. Ndiyo sababu yenyewe: yanawaka upesi. Chupa ya mafuta ya taa ikianguka kwenye nyasi kavu za Oktoba, tutaitana kuzima moto badala ya kusali. Ya alizeti hayashiki moto kirahisi hivyo, na taa ikipinduka mara nyingi utambi huzama ukafa. Hata hivyo watoto wasiachiwe peke yao, na zote zizimwe kabla ya kuondoka.

Halafu uzuri mwingine wa taa hii, au ubaya, sijui: haina uongo. Mafuta yanapokwisha, utambi unagusa maji, unalia kidogo *tss*, basi. Hakuna kuwaka kwa ujanja.

Tuliziwasha tarehe 1 Oktoba. Mwezi huu ni wa Rozari tangu Papa Leo XIII alipouombea hivyo mwaka 1883, na tarehe 7 ni sikukuu yenyewe ya Bikira Maria wa Rozari. Siku hiyo bustani ilipendeza, jamani! Taa 20, kila moja na herufi ya mwenyewe iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Tulipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Katekista wetu alitupongeza mbele ya watu na mimi nilijisikia mtu mkubwa.

Tarehe 9 dumu likawa jepesi. Yaliyobaki yalitosha taa sita.

Kazi yangu ni sokoni, kwenye soko la nafaka. Naweza kukuambia gunia likiwa limepungua kilo mbili kwa kulitazama tu. Lakini hesabu hii sikuipiga: vijiko viwili ni mililita 30, mara chupa 20 ni mililita 600 kila usiku, mara siku 31 ni lita 18.6. Karibu dumu zima la lita 20. Mimi nilinunua lita tano, nikaona ni nyingi. Wilaya yetu ya Kongwa ina historia ya mambo hayo. Hapa ndipo Waingereza walipoanzisha ule mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, kwa matrekta na mbwembwe, bila kuipima vizuri mvua wala udongo unaokauka kama tofali. Mwaka 1951 wakaufunga. Yesu alishalisema hilo la mtu anayeanza kujenga mnara bila kukaa chini kuhesabu gharama, liko Luka 14.

Ila kusahau hesabu siyo sehemu inayonitia aibu. Wiki ileile kuna mnunuzi alinichukulia gunia 12 za mahindi kwa ahadi, akaondoka nazo, simu haipatikani. Nane kati ya hizo zilikuwa za mama. Nilimwambia mama hela itakuja, huku najua. Groto sikwenda tena. Nilijisemea nimechoka, nina kazi, wengine wapo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkasirikia Mungu. Nilikuwa nimemtengenezea Mama yake taa 20 na Yeye ameshindwa kunilindia gunia 12? Ndivyo nilivyofikiri. Sala ya jioni niliisema kwa mdomo tu, na baadaye hata mdomo ukaacha.

Wenzangu wachache walianza kuja na mafuta yao kutoka nyumbani, kila mtu kwa chupa yake. Yangu ikakaa giza. Tarehe 17, kama saa kumi na mbili jioni, binti mmoja wa kikundi, yuko kidato cha pili, akapiga hodi kwetu. Amemsalimia mama, shikamoo, kisha kanigeukia:

"Kaka, taa yako haina mafuta siku ya nane leo."

Nikamwambia, "Si uniwekee kidogo ya kwako, mdogo wangu? Nitakurudishia."

"Hapana kaka. Yangu yanatosha taa moja. Duka la pale kona bado halijafunga, twende nakusubiri."

Alisema hivyo bila ukali wowote, na hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda nje, na kichupa chake cha soda mkononi.

Mama alikuwa amesikia. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, chukua hapo jikoni." Nikashindwa kuchukua. Mafuta ya mtu ambaye gunia nane zake zimepotea mkononi mwangu! Nikakaa chini nikamwambia ukweli wote, na binti yule huko nje kigodani. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema duka litafungwa.

Tangu siku ile naisoma Mathayo 25 tofauti. Wale watano hawakuwa wachoyo, walikuwa wanajua hesabu: vijiko viwili ukivigawa mara mbili, taa zote zinakufa katikati ya njia na Bwana Arusi hapokelewi na yeyote. Na kuna mafuta ambayo hayagawiki hata ukitaka. Siwezi kukuungamia dhambi zako, wala wewe huwezi kumwambia mama yangu ukweli wangu. Lakini tazameni na jambo hili: katika mfano, wote kumi walisinzia, wenye busara pamoja na wapumbavu. Hakuna aliyemgusa mwenzake bega jioni, maduka yakiwa wazi, akamwambia kibuyu chako mbona chepesi. Walikuja kuambizana usiku wa manane, na kwa saa hiyo jibu la haki halikusaidia tena. Binti yule alinipa jibu lilelile la wanawali wenye busara, ila alinipa saa kumi na mbili na nusu.

Usiku ule nilinunua robo lita. Upepo ulikuwa mkali, utambi ulikataa mara tatu, ukashika. Sikusikia chochote cha ajabu moyoni. Jumamosi nilikwenda kuungama. Hela ya mahindi haijarudi mpaka leo, na mama namlipa kidogo kidogo.

Kwa wanaotaka kuendelea na somo, wiki hii someni Kutoka 27:20-21, mwone Haruni na wanawe wanavyopewa zamu ya taa tangu jioni hadi asubuhi. Halafu mkiingia kanisani tazameni ile taa karibu na tabernakulo. Kanuni ya 940 ya Sheria za Kanisa inataka iwake daima, hata kanisa likiwa halina mtu. Kuna mtu anaihudumia. Muulizeni ni nani, wengi wetu hatumjui.

Mwaka huu hatuchangi fedha za mafuta. Mililita 30 kwa siku 31 ni mililita 930, kwa hiyo kila mwenye chupa alete lita moja ya alizeti Jumapili ya mwisho ya Septemba, iandikwe herufi yake. Zamu ni watu wawili wawili. Kazi ya mmoja ni taa, ya pili ni kupita kwa yule ambaye chupa yake imeonekana giza siku mbili, na apite kabla duka la kona halijafunga. Mje pia na kitambaa kikavu, masizi yanaganda mdomoni mwa chupa na yakikaa wiki hayatoki.