Mikono Nayo Husoma

Wazee walisema, "Elimu bila amali ni kama nta bila asali." Maana yake ni hii: mtu aweza kujaza maneno mengi kichwani mwake, lakini asipojua kuyatenda, ana sega tupu lisilo na utamu. Mwalimu mmoja mashuhuri wa nchi ya Uswisi, Johann Heinrich Pestalozzi, aliyeishi tangu mwaka 1746 hata 1827, alifundisha ya kuwa mtoto hana budi kulelewa kwa kichwa, kwa moyo, na kwa mkono pia. Basi leo tutasoma kwa mikono.

Kazi zetu ni tatu, na hazihitaji fedha. Zahitaji kamba, ufito, udongo wa mfinyanzi, miiba michache, na macho yasiyo na haraka. Sharti letu ni moja tu: andikeni mlichokiona, msiandike mlichotazamia kukiona.

Kazi ya kwanza: Shibiri ya nani?

Zamani watu wa pwani walipima vitu kwa viungo vya mwili. Shibiri ni urefu tangu ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima moja.

Haya, kila mwanafunzi na aipime meza ya mwalimu kwa shibiri yake, aandike hesabu yake bila kuchungulia ya jirani. Kisha zisomwe zote kwa sauti. Mmoja atasema 7, mwingine 8, na mwalimu mwenyewe labda 6. Meza ni ile ile, wala hakuna aliyesema uwongo. Mikono ndiyo iliyotofautiana.

Sasa fikirini habari ya mtu anunuaye nguo. Akipimiwa na mwuzaji mwenye mkono mfupi, hupata nguo haba kwa fedha zile zile. Ndiyo maana watu walitafuta kipimo kisichokuwa cha mtu ye yote. Mwaka 1875 mataifa 17 yalitia sahihi mapatano mjini Paris, ili mita iwe ni moja kwa wote. Katika kazi zinazofuata tutatumia mita, maana twataka hesabu zetu zifahamike hata kwa watu wasiotuona.

Kazi ya pili: Kijiti na kivuli chake

Chukueni ufito ulionyoka, mwusimamishe uwanjani mahali palipo sawa, pasipo miti wala nyumba karibu. Sehemu iliyo juu ya ardhi iwe mita 1 kamili. Hakikisheni ya kuwa umesimama wima. Fundi mwashi hutumia timazi. Ninyi fungeni jiwe dogo katika uzi, mkauning'inize kando ya ufito. Uzi na ufito vikienda sambamba, kazi ni njema.

Tangu saa tano mchana hata saa saba na nusu, kila robo saa, pigeni kigingi kidogo penye ncha ya kivuli, mpime urefu wake na kuandika. Msilitazame jua lenyewe, kwa kuwa huharibu macho. Mtaona kivuli chafupika kidogo kidogo, kisha chaanza kurefuka tena. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote ndicho kivuli cha adhuhuri. Mstari wake hulala kaskazini na kusini, wala hamhitaji dira kuujua.

Mtaona na jambo la pili. Katika Dar es Salaam kivuli hicho kifupi hakitokei saa sita kamili, bali hutokea baadaye kidogo. Sababu ni kwamba saa za Afrika ya Mashariki hufuata jua la mstari wa nyuzi 45 za mashariki, upitao karibu na mji wa Mogadishu. Jua hufika huko kwanza, kisha hufika kwetu. Watu wa Kigoma hungoja zaidi, kwa kuwa wako mbali upande wa magharibi.

Sasa tazameni kivuli cha adhuhuri chaelekea wapi. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema ya kuwa huelekea kaskazini. Neno hilo ni kweli katika mji wa London mwaka mzima. Lakini katika Dar es Salaam, mwishoni mwa Juni, ufito wa mita 1 hutoa kivuli cha sentimita 58 hivi, nacho huelekea kusini! Mwishoni mwa Desemba hutoa kivuli cha sentimita 30 hivi, nacho huelekea kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, siku za kwanza za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua huwa la utosi, na wakati wa adhuhuri ufito hauna kivuli.

Angalieni basi hatari ya kukariri. Msafiri aliyepotea porini mwezi wa Juni, akiishika kanuni ya London, atadhani kivuli cha adhuhuri chamwonyesha kaskazini. Naye atakwenda kusini, na kila hatua itamtenga na kwao. Kitabu hakikukosa, kilisema habari za mahali pengine. Aliyekosa ni yeye asiyesimamisha kijiti katika uwanja wake mwenyewe.

Kazi ya tatu: Tufe la udongo

Kwa nini kivuli cha London si sawa na chetu, hali jua ni moja? Jibu lake laweza kushikwa mkononi.

Finyangeni udongo kwa namna mbili. Kwanza fanyeni bamba, tambarare kama sahani. Kisha fanyeni tufe, duara kama chungwa kubwa. Chomekeni miiba miwili yenye urefu mmoja katika bamba, isimame wima, mbalimbali kidogo. Fanyeni vivyo hivyo katika tufe, kila mwiba ukielekea moyo wa tufe.

Tokeni juani. Geuzeni bamba polepole hata mwiba mmoja ukose kivuli. Je, wa pili? Nao hauna kivuli. Sasa geuzeni tufe hata mwiba mmoja ukose kivuli. Wa pili bado unacho! Mkiusogeza mbali zaidi, kivuli chake huzidi kurefuka. Jua liko mbali sana nasi, kiasi cha kilomita milioni 150. Kwa hiyo miali yake hutufikia kana kwamba yote ni sambamba. Kinachobadilika ni kupinda kwa uso wa dunia. Vivuli vya miji miwili vikitofautiana saa moja na siku moja, ni ushuhuda wa kupinda huko.

Mtu aliyeipima dunia kwa kivuli

Yapata miaka 240 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, alikuwako katika mji wa Aleksandria, nchi ya Misri, mtaalamu jina lake Eratosthenes. Alizaliwa Kirene, katika nchi iitwayo leo Libya. Alipata habari ya kuwa katika mji wa Syene, uitwao leo Aswan, jua huwa la utosi adhuhuri ya siku iliyo ndefu kuliko zote. Lakini Aleksandria, siku hiyo hiyo, vitu vilikuwa na kivuli. Alikipima, akaona ya kuwa pembe yake ni sehemu moja ya hamsini ya duara nzima.

Basi akafikiri hivi: kama umbali wa miji hii miwili ni sehemu moja ya hamsini ya mzingo wa dunia, nikiuzidisha mara 50 nitapata mzingo wote. Tuhesabu kwa vipimo vya leo. Aswan hata Aleksandria, kwa kwenda kaskazini, ni karibu kilomita 800. Zidisheni kwa 50. Jawabu ni 40,000. Na mzingo wa dunia, upitao katika ncha zake mbili, ni kilomita 40,000 na kidogo zaidi.

Mtu huyu hakuizunguka dunia wala hakupanda angani. Alikuwa na kivuli, kipimo cha njia, na akili isiyoridhika na kusikia tu. Vitu hivyo vimo katika shule yenu. Kwa hiyo mwalimu atakapowaambia, "Tokeni nje na fito zenu," msidhani ya kuwa somo limekwisha na mchezo umeanza. Hapo ndipo somo linapoanza.

Maswali

1. Kwa nini wanafunzi wawili wasiosema uwongo waweza kupata hesabu mbili kwa meza moja?
2. Utajuaje kaskazini na kusini bila dira?
3. Katika Dar es Salaam, kivuli cha adhuhuri huelekea wapi mwezi wa Juni? Na mwezi wa Desemba?
4. Miiba ya bamba na miiba ya tufe hutufundisha nini?

Kazi ya kufanya

Simamisheni ufito mmoja siku ile ile ya kila mwezi, mwaka mzima. Andikeni urefu wa kivuli cha adhuhuri na upande kinakoelekea. Kisha pelekeni barua kwa shule iliyo mbali nanyi, kaskazini au kusini, mkalinganishe hesabu zenu na zao.