Mteja anataka kila kitu kwenye kiwanja kimoja

Leo kona nzima naiachia barua moja, maana shida iliyomo ni ya wengi wenu mnaochora nyumba za watu wa kawaida: nyumba ya chini ya vyumba vitatu au vinne, fremu za duka, banda la uani. Mteja anavuta huku, halmashauri inavuta kule, na fundi naye anakwambia hizo karatasi zako atazijua mwenyewe akifika saiti. Msomaji wetu anaandika hivi:

"Dada, shikamoo. Nimemaliza masomo ya usanifu majengo, sasa nafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa hapa Dar es Salaam. Nimekabidhiwa mzee mmoja mstaafu mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25. Anataka nyumba ya vyumba vinne, fremu mbili mbele, na nyumba ndogo ya mpangaji nyuma. Nikimwambia tunatakiwa kuacha nafasi mpakani, ananijibu, 'Mbona jirani kajenga mpaka ukutani na hakuguswa?' Ramani anaitaka wiki ijayo. Nimchoree anavyotaka au nimkatalie?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza weka kalamu chini. Umeniandikia orodha ya vyumba, hukuniandikia sababu hata moja, na mimi nadhani hata wewe huzijui. Mstaafu anayetaka fremu na mpangaji kwa pamoja ana hofu: kiinua mgongo kitakwisha, na baada ya hapo atakula nini? Hiyo hofu ndiyo kazi uliyopewa. Fremu ni jibu alilolipata kwa kutazama majirani.

Kwa hiyo rudi kwake, umwamkie, ukae. Omba na mama mwenye nyumba awepo, kwa sababu jiko lako ataliishi yeye. Muulize nani atalala humo kila siku, na nani atakuja Idi na Krismasi tu. Vyumba vinne mara nyingi ni viwili vya wakazi na viwili vya wageni wa mwaka mara moja. Muulize mama anapikia gesi au mkaa, na pilau la watu hamsini litapikiwa wapi. Muulize, kwa adabu, siku ya msiba watu watakaa wapi, turubai litafungwa wapi, na kina mama watapita mlango gani. Nyumba ya Mswahili isiyo na jibu la swali hilo, mwenyewe ataubomoa ukuta siku moja. Muulize na mzee magoti yake yakoje. Mzee wa miaka sitini na kitu anahitaji sakafu isiyo na ngazi ngazi, mlango wa choo wa sentimita 90 ili siku akihitaji kushikwa mkono wapite wawili, na choo kilicho karibu na kitanda. Hayo hatakuomba. Wewe ndiye msanifu, yaseme wewe.

Ukishapata majibu, nenda kiwanjani na hati mkononi. Tafuta bikoni zote nne kwa macho yako. Ukikosa moja, mwite mpima kabla hujapiga mstari wowote. Nyumba iliyoingia nusu mita kwa jirani haina dawa ya bei rahisi. Kisha soma kwenye hati matumizi ya kiwanja. Kama imeandikwa makazi tu, fremu za biashara zinahitaji mabadiliko ya matumizi, na hayo yana taratibu na muda wake. Mzee ajue hilo leo, asije akalijua siku mgambo wa halmashauri wamesimama mlangoni.

Sasa mfanyie hesabu mbele yake, kwenye karatasi, kwa namba. Viwango vya kuacha nafasi vinategemea aina ya kiwanja na eneo, na vya kwenu utapewa na ofisa mipango miji wa halmashauri yenu, lakini chukua mfano huu. Tuseme mnatakiwa kuacha mita 3 mbele, mita 3 nyuma na mita moja na nusu kila upande. Upana wa mita 20 unabaki 17, urefu wa mita 25 unabaki 19. Zidisha: mita za mraba 323 kati ya 500. Hapo bado hujaangalia sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na majengo, ambayo nayo ina ukomo wake. Weka nyumba ya mzee, tuseme mita za mraba 130. Weka fremu mbili, 24. Weka ya mpangaji, 40. Tayari ni 194. Ongeza shimo la maji taka, tangi la maji, gari moja, na kamba ya kuanikia nguo. Mwachie mzee mwenyewe atazame karatasi. Wengi wakishaona kamba ya nguo haina pa kufungwa, wao ndio wanaanza kupunguza.

Hapo ndipo unampa njia. Mwambie achague kimoja cha kumwingizia kipato, fremu au mpangaji, na nyumba yake ijengwe kwa awamu. Chora yote tangu mwanzo, lakini awamu ya kwanza iwe nyumba kamili anayoweza kuhamia: vyumba viwili, sebule, jiko, choo. Vyumba vya wageni vifuate pesa ikipatikana, na mahali vitakapoungana na nyumba pafikiriwe leo, kwenye msingi na kwenye paa. Nimeona maboma mengi mno yaliyosimama hadi linta, yameota nyasi ndani, na mwenyewe bado anapanga chumba kwa watu. Vyumba vinne vya kwenye ramani havijawahi kumsitiri mtu mvua.

Kuhusu lile la jirani. Kutoguswa si kibali. Mwulize mzee kama amewahi kuona alama ya X nyekundu, ile ya kuvunjiwa, kwenye ukuta wa mtu. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara na kuendelea, kando ya Barabara ya Morogoro, zilivunjwa kwa kuhesabiwa kuwa zimo ndani ya hifadhi ya barabara, na baadhi ya wenyewe walikuwa wameishi humo miaka mingi. Halafu mweleze faida ya ile nafasi, maana mtu hufuata kwa moyo sheria anayoijua inamfaa nini. Mita moja na nusu ya pembeni ndiyo inayopitisha upepo dirishani, ndiyo njia ya kwenda kuzibua chemba, ndiyo inayozuia moto wa jirani kurukia kenchi zako, na ndiyo inayofanya maji ya bati lako yaanguke kwako badala ya kuwagombanisha kila masika.

Kwenye usalama, mdogo wangu, usibembeleze mtu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo jingine Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Usijifariji kwamba hayo ni ya maghorofa. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na kule Bukoba zilizoanguka nyingi zilikuwa nyumba za chini za watu wa kawaida. Kuta za tofali zisizofungwa pamoja huachana kwenye kona. Mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima juu ya kuta bila kukatika, ndio unaozishika. Fundi akikwambia aukate juu ya mlango ili kuokoa nondo mbili, mwambie hapana, tena umwandikie.

Udongo nao una maneno yake. Chimba shimo la majaribio kabla ya kuchora msingi. Ukikuta ule mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, msingi wa kawaida utakuchania kuta. Hapo mhandisi aingie. Kama saiti iko bondeni, waulize wenyeji maji ya masika hufika wapi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bonde la Msimbazi hadi Mabwepande, na walioishi mabondeni walikuwa wanajua maji yanapita wapi kabla ya mchoraji yeyote.

Kuna kitu kimoja kidogo nataka ukitazame kwa karibu: grili za madirisha. Nenda nyumba yoyote mtaani kwenu, usimame chumba cha kulala. Dirisha lina grili ya nondo iliyochomelewa kwenye fremu, mlango wa chuma una kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa baba. Moto ukianzia jikoni usiku, watoto watatokea wapi? Kwa hiyo kila chumba cha kulala kwenye mchoro wako kiwe na grili moja yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani bila ufunguo, yenye nafasi ya kumpitisha mtu mzima. Mpe fundi wa kuchomelea mchoro wake, usimwachie abuni. Gharama yake ni bawaba mbili na komeo. Mtungi wa gesi ukae nje ya jiko, kwenye kibanda chenye matundu ya hewa chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni, na waya wa ardhini uwepo kweli, usiwe wa kwenye karatasi. Namba ya Zimamoto ni 114. Mwambie mzee aibandike ukutani.

Saiti, simamia zege kuliko rangi. Maji yakizidi kwenye zege, fundi anafurahi kwa sababu linamwagika vizuri, lakini nguvu inapungua. Mchanga wa pwani una chumvi inayokula nondo, usiukubali hata ukiletwa bure. Zege likishamwagwa linyweshwe maji siku zisizopungua saba. Wanaolipima kwa kulivunja maabara hulisubiri siku 28. Mteja mwenye haraka ya kutoa mbao za chini ya linta baada ya siku tatu mwonyeshe hizo namba.

Sasa hili la mazingira, ambalo wateja wakisikia wanadhani ni la matajiri wa Masaki. Mwambie mzee kwamba unazungumzia bili yake ya luku. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo linalotesa nyumba ni lile la asubuhi na la alasiri linaloingia kwa ubavu. Elekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, na upande wa magharibi weka stoo, choo au ukuta usio na dirisha kubwa. Kusi na kaskazi zinajulikana tangu enzi za majahazi: weka madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Toa paa nje kwa vipenu vipana, na acha matundu ya hewa kati ya bati na dari. Ukifanya hayo, feni moja itatosha pale jirani anapowasha AC usiku kucha.

Maji pia. Dar hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Kila milimita moja kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 100, yaani lita 110,000 kwa mwaka zinazoishia barabarani. Hata ukipoteza robo yake, mfereji wa bati na tangi vinajilipa. Kwa upande wa maji taka, weka shimo mbali na kisima, mita 30 ndiyo kanuni ya kawaida, na kumbuka jirani naye anaweza kuwa na kisima. Kuhusu tofali, ulizia tofali za kufungamana: zinashindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, hazichomwi kwa kuni, na zinatumia saruji ya kujengea kidogo sana kwenye maungio. Lakini zinahitaji fundi aliyefundishwa.

La mwisho ni lako wewe. Hujasajiliwa bado, kwa hiyo mchoro upite mikononi mwa msanifu wako, ausome, ndipo augonge muhuri. Wapo wanaokodisha mihuri kwa pesa ya chakula cha mchana. Usiwe mteja wao, na ukija kusajiliwa usiwe mmoja wao. Kila mabadiliko ya mzee yaandike, asaini, tarehe iwepo. Ujenzi usianze kabla kibali hakijatoka, hata kama fundi ameshalipwa na saruji iko stoo. Na wiki moja haitoshi kwa kazi hii. Mwambie hivyo bila kuona haya.

Kama baada ya karatasi zote hizo mzee bado anataka ukuta wake mpakani, mrudishie pesa uliyobaki nayo, mshukuru, umwachie. Atapata wa kumchorea, wapo. Wewe omba kazi ndogo zaidi, uifanye vizuri, na kibali chake ukakipokee mwenyewe halmashauri.

Dada yenu.