Kung'arisha Gari ni Kupunguza Rangi

Hedaru imekaa chini ya milima ya Upare Kusini, upande wa magharibi, ule ambao milima huukingia mvua. Pepo za kutoka Bahari ya Hindi humwaga maji yake upande wa mashariki, huko Gonja na Mamba, na kwenye misitu ya Shengena, kilele chenye mita 2,462, kisha hushuka huku zikiwa zimekauka. Juu milimani kuna migomba na tangawizi. Bondeni kuna miiba, mkonge na vumbi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita papo hapo, na kila basi likipita vumbi la kando ya lami hunyanyuka, likaning'inia kidogo hewani, likatua juu ya magari yaliyoegeshwa.

Gari jeusi lililoshuka bandarini kutoka Japani likiwa linameremeta halimalizi muda mrefu katika hali hiyo. Litazame saa nne asubuhi, jua likiwa upande mmoja: boneti ina mistari myembamba isiyohesabika, imelizunguka umbo la jua kama utando wa buibui. Mwenye gari huona uchungu, hununua kopo la kompaundi na sponji, akaamua Jumamosi ataifanya kazi mwenyewe nyumbani. Uamuzi mzuri, na unawezekana. Ila kabla ya kufungua kopo inafaa ajue mkwaruzo ni kitu gani hasa, maana dawa inayouondoa haifanyi kazi kwa namna ambayo wengi wanadhani.

Tuanze na rangi yenyewe. Juu ya bati kuna utando wa kuzuia kutu, ambao kiwandani hupakwa kwa kulizamisha bodi zima ndani ya rangi na kupitisha umeme. Juu yake kuna praima. Juu ya praima ndipo inapokaa rangi unayoiona, nyeusi au nyekundu au ya fedha. Juu kabisa ipo klia, utando usio na rangi, unaopitisha mwanga, ambao ndio unaolinda vilivyo chini yake na ndio unaotoa mng'aro. Tabaka zote kwa pamoja, kwa gari la kiwandani, huwa na unene wa maikroni 100 mpaka 150 hivi. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina kama maikroni 100. Klia peke yake ina kati ya 35 na 50, yaani haifiki hata unene wa karatasi hiyo, mara nyingi ni nusu yake tu. Ndani ya nusu karatasi hiyo ndimo inamofanyika kazi yote ya kung'arisha. Hakuna akiba nyingine.

Sasa mwanga. Mwanga ukigonga uso laini hurudi kwa pembe ile ile uliyojia. Miale iliyokuja pamoja huondoka pamoja, na ndiyo sababu kwenye boneti mpya unaiona milima ya Upare imesimama kichwa chini, na mstari wa vilele vyake unaweza kuufuata kwa macho. Mkwaruzo ni mfereji. Una kuta mbili zilizoinama, na kuta hizo hurusha mwanga kwa pembe zake zenyewe, mbali na miale mingine. Ukisimama mahali ambapo ukuta mmoja unakuletea jua jichoni, unaona mstari mweupe juu ya gari jeusi. Rangi nyeusi chini ya mstari huo iko salama kabisa, haijaguswa. Umeona mwanga wa jua uliotoka kwenye ukuta wa mfereji wenye kina cha maikroni moja au mbili.

Kwa nini basi mistari ijipange kwa duara, wakati aliyefuta gari alipeleka kitambaa huku na huku? Hili ni jambo la kulijaribu mwenyewe. Usiku, washa tochi ya simu na uimulike boneti. Duara zitaonekana, na katikati yake patakuwa na umbo la tochi. Sogeza tochi kushoto: duara zote zinahama nayo. Mikwaruzo yenyewe haiwezi kuhama, kwa hiyo duara hazipo kwenye rangi. Kilichopo ni maelfu ya mikwaruzo inayoelekea kila upande. Mfereji hurusha mwanga kwa ubavu, haurushi kwa urefu wake. Ule ulioelekezea ncha kwenye umbo la tochi hurusha mwanga pembeni, usikufikie. Ule uliokingama hukurushia jichoni. Jicho linachagua iliyokingama tu, na vitu vyote vilivyokingama kuizunguka nukta moja vikiunganishwa vinatoa duara. Nimesikia watu wakiambizana kwamba dawa ni kuosha kwa mistari iliyonyooka badala ya kuzungusha mkono. Kama punje ya mchanga iko chini ya kitambaa, itakata vilevile.

Jaribio la pili ni la maji, na mimi hulipenda kuliko lile la kwanza. Mwaga kikombe cha maji juu ya sehemu yenye mikwaruzo. Inapotea! Acha yakauke: inarudi. Maji hayajaponya chochote. Sehemu ya mwanga hurudi nyuma kila unapotoka kwenye kitu kimoja na kuingia kingine, na kadiri mwendo wa mwanga unavyotofautiana kati ya vitu hivyo viwili, ndivyo mwingi zaidi unavyorudi. Ndani ya klia mwanga huenda polepole kuliko hewani kwa mara 1.5 hivi, ndani ya maji kwa mara 1.33. Ukikokotoa, mpaka wa hewa na klia hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoingia wima, na mpaka wa maji na klia hurudisha kama asilimia 0.4. Mfereji uliojaa maji umepoteza sehemu tisa katika kumi za ukali wake. Mafuta na nta huukaribia mwendo wa klia zaidi hata ya maji, kwa hiyo huuficha mkwaruzo vizuri zaidi, na hayakauki upesi. Zipo polishi nyingi zinazofanya hivyo tu. Gari linatoka linang'aa, mwenye gari analipa, na baada ya kuosha mara chache mistari imerudi pale pale. Anayefanya kazi nyumbani ana kipimo rahisi: baada ya kusugua, futa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha mulika tena. Kilichoondoka kweli ni kile kisichorudi baada ya spiriti. Usifanye hivyo kwenye rangi iliyopigwa karibuni gereji, kwa sababu haijakomaa.

Sasa mikwaruzo inatoka wapi? Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10, kwa kanuni moja tu: kigumu hukwaruza laini. Jasi ina ugumu wa 2. Inachimbwa Makanya, jirani tu ukielekea Same, na ukucha wako unaweza kuikwaruza. Vumbi la barabara hii lingekuwa jasi tupu, nisingekuwa na makala ya kuandika. Lakini milima ya Upare ni miamba ya kale iliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi, na ndani yake kuna kwazi na ganeti, ambazo ugumu wake ni 7 hivi. Mvua huimomonyoa miamba hiyo, makorongo huishusha bondeni ikiwa mchanga, magari huusaga, upepo huubeba. Kwazi hukwaruza kioo. Hukwaruza hata kisu. Klia ni aina ya plastiki. Haina namna ya kujitetea.

Hata hivyo vumbi lililotua tu halikwaruzi. Panahitajika mkandamizo na mwendo, na vyote viwili vinaletwa na mkono wa binadamu. Umewahi kuona mtoto akiandika jina lake kwa kidole juu ya buti lenye vumbi. Osha gari, likauke, kisha inama utazame jua likiwa chini: jina bado lipo. Ncha ya kidole ilizikandamiza punje, na kila punje inagusa klia kwa ncha yake ndogo mno, kwa hiyo hata nguvu kidogo ikigawanywa kwa eneo dogo hivyo inakuwa shinikizo kubwa. Kitambaa kikavu cha kupangusia vumbi asubuhi hufanya kazi hiyo hiyo ya kidole, kwenye gari zima, kila siku. Kwa maoni yangu, kitambaa hicho kimeharibu rangi nyingi kuliko miiba yote ya barabara za vijijini.

Tumefika kwenye kopo. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwanga kilichotoka 1704, alieleza kwamba anayesugua kioo kwa mchanga na poda hafuti alama. Anazibadilisha kwa alama ndogo zaidi, kisha ndogo zaidi ya hizo, mpaka jicho lishindwe kuziona. Hilo ndilo jambo lote. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa maikroni 0.4 hadi 0.7. Alama ambayo kina chake ni kidogo sana kuliko wimbi haiwezi kuuyumbisha mwanga kiasi cha kuonekana. Kompaundi nyingi zina punje za oksidi ya aluminiamu, ugumu 9, kitu kile kile kinachofanya rubi na yakuti za bonde la Umba, huko mashariki kuelekea mpaka wa Kenya. Kinachoifanya iwe dawa badala ya sumu ni ukubwa wa punje: ni ndogo na zinalingana. Mchanga wa Hedaru hauna mpangilio huo.

Na hapa ndipo hesabu inapouma. Mfereji haujazwi. Unaondolewa kwa kuushusha uso wote unaouzunguka mpaka ufikie sakafu yake. Kama mkwaruzo una kina cha maikroni 2, unapaswa kuondoa maikroni 2 za klia kila mahali ulipo. Klia ya maikroni 40 inabaki 38. Hiyo si hasara kubwa. Mkwaruzo wa maikroni 15 ni habari nyingine, na kuufuata mpaka mwisho ni kuipunguzia rangi kinga yake mbele ya jua, kwa sababu kemikali zinazozuia miale ya urujuanimno zimo ndani ya klia hiyo hiyo. Same iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua la hapa halisamehe klia iliyokonda. Pitisha ukucha polepole kwa kukatiza mkwaruzo. Ukikwama, uache, au mpelekee fundi rangi.

Kazi yenyewe ifanywe kivulini, asubuhi, bati likiwa la baridi. Bati jeusi la saa saba mchana Hedaru huwezi hata kulitulizia kiganja. Kompaundi hukauka kabla haijakata, na klia iliyopata joto hulainika, ikapata mikwaruzo mipya. Osha gari kwanza mpaka upitishe vidole na usisikie chembe. Chagua sehemu ndogo, kama sentimita 40 kwa 40, na uibandike tepu pembeni ili uone tofauti. Anza na polishi laini kuliko zote ulizonazo, hata kama rafiki yako anakuambia inachelewesha. Ikitosha, umeokoa maikroni. Isipotosha, panda ngazi moja, kisha umalizie tena na ile laini, maana kompaundi kali huacha ukungu wake. Kwa mkono utapata mng'aro mzuri ila utachoka, na mikwaruzo mirefu itabaki kiasi. Ukipata mashine, anayeanza achukue ile inayozunguka huku ikitikisika. Ile inayozunguka tu kwenye sehemu moja hupandisha joto haraka na inaweza kuitoboa klia kabla hujaelewa kilichotokea. Kingo za milango na mikunjo ya boneti zifunike kwa tepu. Rangi ya majimaji huzikimbia kingo inapokauka, kwa hiyo pale ni nyembamba, na pedi nayo hukandamiza zaidi pale pale.

Gari jeupe litakudanganya. Nalo limekwaruzwa vilevile, lakini rangi nyeupe yenyewe inarudisha mwanga mwingi sana kila upande, na mwanga mdogo wa mkwaruzo unamezwa humo. Usijitese kutafuta ukamilifu ambao hakuna atakayeuona. Magari ya zamani, hasa ya kazi, mengine hayana klia kabisa: sugua mahali pa siri, na kitambaa kikitoka na rangi ya gari, unasugua rangi yenyewe. Inawezekana, ila upesi utafika praima. Na klia iliyoanza kubanduka kama magamba haina polishi. Ile ni kazi ya msasa na rangi mpya.

Baada ya yote, kilichobaki ni kuosha, na hapo ndipo maikroni zinapookolewa au kupotea. Maji kwanza, mengi, bila kugusa, ili punje zianguke zenyewe. Halafu ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kufuta upande mmoja, ili kwazi ibaki kwenye ndoo isirudi kwenye gari. Anzia paani, magurudumu na chini ya milango yawe ya mwisho. Taulo la kukaushia liwekwe juu na kunyanyuliwa, lisiburutwe. Kukiwa na shida ya maji, ni afadhali gari likae na vumbi lake wiki nzima, likisubiri ndoo ya Jumamosi, kuliko kupanguswa kavu kila asubuhi.